Hesabu siku, usihesabu shilingi

Leo mniwie radhi, sitaandika juu ya simu mpya wala programu mpya. Nataka tuongee habari za pesa, pesa zetu sisi wenyewe, maana naona wengi wa rika langu tuna simu za kisasa mkononi lakini usingizi hatuna.

Nianze na aibu yangu. Ninaishi hapa Lodwar, nilisomea kompyuta chuo kikuu, na kazi yangu ni kuandika programu kwa wateja wa ng'ambo. Malipo huja kwa dola. Januari 2024 dola moja ilivuka shilingi 160. Yaani dola 500 zikawa shilingi 80,000. Mimi huyo nikajiona tajiri! Nikahamia nyumba ya kodi kubwa zaidi, nikachukua kompyuta nyingine kwa mkopo.

Kufika katikati ya mwaka ule ule, dola ilikuwa imeshuka hadi karibu shilingi 130. Wakenya wengi walifurahi shilingi kupata nguvu, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini dola zangu 500 sasa zilikuwa shilingi 65,000. Shilingi 15,000 zimeyeyuka na kazini sikukosea kitu. Wateja ni wale wale, saa za kazi ni zile zile.

Je, nilipunguza matumizi? Wapi! Nilikopa kwa simu. Unabonyeza mara mbili tatu, pesa hizo hapo. Baada ya wiki chache nikakopa kwingine ili nilipe kule kwa kwanza. Ilifika mahali simu ikilia moyo unaruka. Malipo yakiingia asubuhi, jioni yameshakwenda kwa madeni, na mwezi bado mbichi.

Kinachochekesha ni kwamba wakati huo huo nilikuwa nimejiandikia programu nzuri sana ya kupanga matumizi, yenye michoro ya rangi rangi. Iliniambia kila shilingi ilikwenda wapi. Haikuniambia jambo moja tu: kazi ikikatika leo, nitakula mpaka lini?

Jibu la swali hilo nilikuja kulipata Kakuma, katika daftari la shilingi chache.

Shangazi yangu ana duka la vyakula Kakuma mjini, kama kilomita 120 kutoka hapa Lodwar. Kwa asiyepajua, kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992, na biashara ya pale si ya kuchezea. Ripoti ya IFC ya mwaka 2018 ilihesabu biashara zaidi ya 2,000 na uchumi wa karibu shilingi bilioni 6 kwa mwaka. Mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilianza Bamba Chakula: badala ya kumpa mkimbizi mgao wote kwa gunia, alitumiwa thamani ya sehemu ya chakula chake kwenye simu, akanunua kwa mfanyabiashara aliyesajiliwa. Sisi watu wa kompyuta tuliusifu sana mpango huo, na kweli ulistahili sifa.

Lakini tazama upande wa muuza duka. Mteja anajua pesa zake zitaingia mwisho wa mwezi, kwa hiyo anachukua unga leo kwa deni. Duka linajaza daftari. Mambo yanakwenda vizuri, mwaka baada ya mwaka, mpaka siku chanzo kinapokauka. Mwaka 2025 misaada ya kimataifa ilikatwa vibaya, hasa kutoka Marekani. Machi kukawa na maandamano kambini. Juni mgao wa chakula ukashuka hadi asilimia 28 ya kiwango cha chini kinachohitajika, na malipo ya fedha yakasimamishwa. Madaftari yote ya madeni yakageuka karatasi za kufungia karanga.

Jirani yake shangazi alifunga duka. Shangazi hakufunga. Nilipomuuliza siri yake alinicheka. "Wewe si umesoma? Deni langu ni ukurasa mmoja. Ukurasa ukijaa, hakuna mtu anakopa mpaka mmoja alipe. Hata akiwa rafiki yangu." Ukurasa mmoja ukipotea wote, alishapiga hesabu kwamba anaweza kuubeba.

Halafu akafungua nyuma ya daftari. Hakukuwa na shilingi pale. Kulikuwa na siku. Nyumba yake inakula gorogoro moja ya unga kwa siku. Akijumlisha chakula kilichotengwa na pesa zilizo kwenye chama cha akina mama, duka likifungwa leo watu wake watakula siku 74. Mwezi uliotangulia zilikuwa 70. "Nikiona zinapungua, nakaza. Zikiongezeka, nalala."

Jamani, nilinyamaza. Mimi mwenye digrii nilikaa pale nje ya duka nikapiga hesabu yangu kwenye simu. Kodi ya nyumba, chakula, intaneti, stima, pesa za nyumbani. Jibu: siku 6.

Tangu siku hiyo nimeacha kuhesabu shilingi. Shilingi inadanganya. Leo 80,000 ni nyingi, kesho dola inashuka au unga unapanda, na ile 80,000 si ile tena. Lakini siku hazidanganyi. Chukua ulichonacho kisicho deni, gawanya kwa gharama zako halisi za siku moja, basi. Namba moja. Nimeifuta ile programu yangu ya michoro, nikaandika nyingine inayosoma arafa za M-Pesa kwenye simu yangu, inatoa matumizi na makato, na kila Jumapili jioni inanionyesha namba hiyo. Hata hivyo huhitaji programu. Daftari linatosha, ushahidi ninao.

Jambo la pili nililojifunza ni kuuliza chanzo changu kinategemea nini. Nilikuwa na wateja watatu, nikadhani niko salama. Kumbe wote watatu wanalipa kwa dola! Ni kama kuweka nakala tatu za faili kwenye kompyuta moja. Wazee wetu Waturkana hawakufanya hivyo na mifugo. Mtu aliwagawa mbuzi na ngamia kwa ndugu na marafiki wa sehemu mbalimbali, ili uvamizi au ugonjwa wa sehemu moja usimmalize. Na hata akili hiyo ina mpaka wake: ukame wa 2020 hadi 2023, mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, ulipiga huku na kule kwa pamoja. Mwaka 2015 serikali ilikuwa imeanza bima ya mifugo hapa Turkana na Wajir, ambayo setilaiti ilipima ukijani wa malisho na mfugaji alilipwa malisho yakikauka kupita kiasi. Ulinzi wa maana ni ule usioanguka siku ile ile na kipato chako. Kwa hiyo nimetafuta mteja mmoja wa hapa hapa kaunti. Analipa kidogo, tena kwa kuchelewa, lakini analipa kwa shilingi.

La tatu ni mkopo wa simu. Wengi tunauchukulia kama akiba: "nikikwama nitakopa." Hiyo si akiba. Kiwango chako cha kukopa hupanda wakati kipato kinaingia vizuri, na hushuka kipato kinapoyumba. Yaani mwavuli unachukuliwa mvua ikianza. Tangu mwaka 2022 Benki Kuu ya Kenya ina kanuni za wakopeshaji wa kidijitali, nazo zimesaidia kupunguza fujo na matusi ya kudai madeni. Lakini hakuna kanuni itakayokuongezea siku zako. Mimi nilimaliza madeni yangu kuanzia lile dogo kabisa, kisha nikajiwekea sharti: malipo yakiingia, kabla sijalipa chochote, naweka gharama ya siku tatu mahali ambapo kuzitoa kunahitaji niende kwa miguu. Ndiyo, kwa miguu! Uvivu wangu sasa unanifanyia kazi.

Najua kuna atakayesema ni rahisi kwangu kuongea. Ana haki. Hapa Turkana kuna familia zinazoishi kwa shilingi 5,400 kila baada ya miezi miwili kutoka mpango wa serikali wa kukabili njaa. Na kambini kuna mama aliyekatiwa mgao kabisa. Kumwambia mama huyo "jifunze kuweka akiba" ni kumtukana. Tatizo lake ni chakula, si tabia, na atakayemletea semina ya bajeti badala ya unga ajitafakari. Haya ninayoandika ni yetu sisi tunaopata kitu, kisha tunakimaliza na kulalamika kwamba uchumi ni mbaya. Uchumi ni mbaya kweli. Lakini mimi uchumi ulinikuta nikiwa na siku 6.

Neno la mwisho ni kwa watunzi wa programu wenzangu. Tumetengeneza huduma ambazo kukopa ni kubonyeza mara tatu na kuweka akiba ni kujaza fomu. Hiyo haikutokea yenyewe. Sisi ndio tuliochora kurasa hizo, na tulilipwa kuzichora. Tungeweza kugeuza: kukopa kuwe na kituo cha kumwuliza mtu "una siku ngapi?", akiba iwe kubonyeza mara moja. Ukipewa kazi kama hiyo, angalau uliza swali hilo kwenye mkutano. Mimi safari ijayo nitauliza.

Leo Jumapili nimehesabu. Siku 41. Shangazi bado ananishinda, na hakosi kunikumbusha kila nikimpigia simu.

Wewe je, una siku ngapi? Chukua kalamu uhesabu kabla hujalala. Usiogope namba utakayoiona. Mimi ya kwanza ilinitisha, lakini ndiyo iliyonirudishia usingizi.