Mazimbu: Wakimbizi Walitangulia na Ramani

Kila tunapohoji makazi holela yanayopanda miteremko ya Uluguru, jibu ni lile lile: nchi ni maskini, fedha za upimaji hazipo. Jibu hilo haliwezi kusimama Mazimbu, kilomita chache kutoka katikati ya mji wa Morogoro.

Baada ya maasi ya Soweto ya Juni 1976, vijana wengi waliikimbia Afrika Kusini. Serikali yetu iliwapa ANC shamba la mkonge lililotelekezwa, na ujenzi ukaanza mwaka 1978. Watu hao wasio na nchi, ambao hawakukusudia hata kubaki, walipanga mji mzima: shule ya sekondari na ya msingi, kituo cha watoto wachanga, hospitali, karakana ya samani, mashamba na mifugo, nyumba za kuishi. Oliver Tambo alikizindua rasmi Chuo cha Solomon Mahlangu mwaka 1985. Mwaka 1992 walituachia vyote, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

Najua pingamizi: ardhi walipewa bure, na wafadhili wa nje wakatoa fedha. Ni kweli, saruji hainunuliwi kwa nyimbo za ukombozi. Lakini msaada ulinunua kuta, haukununua mfuatano wa mambo. Kuchora barabara porini ni rahisi kuliko kuipitisha katikati ya vyumba vya watu. Sisi twangoja mwananchi ajenge, kisha tunamletea urasimishaji na kumtoza mchango ili ramani ifuate ukuta wake. Mahali pa shule pamekwisha kuuzwa, pengine mara mbili.

Mwaka 1869 Olmsted na Vaux walipochora kitongoji cha Riverside, karibu na Chicago, walitenga kingo za mto Des Plaines ziwe za wote. Kampuni iliyowaagiza ilifilisika baada ya miaka michache, ramani ikabaki. Sisi tunayo Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Chukua futi kamba, msomaji, utembee kando ya Mto Morogoro.

Kwa watumishi wa umma wanaonisoma, ombi langu ni dogo: kabla kiwanja kimoja hakijauzwa katika eneo jipya, bandikeni ramani yake kwenye ofisi ya kata, ikionyesha barabara, shule na mipaka ya mto.