Kabla mtuletee kadi ingine ya nauli, muulizeni mgeni wa Nuu

Kila baada ya miaka michache, mtu mwenye tai anasimama Nairobi na kutangaza kwamba pesa taslimu kwenye matatu sasa basi. Gonga kadi, panda, shuka. Watu wa mjini wanashangilia, makanga wanacheka, na kabla mwaka uishe kadi zimelala kwenye droo pamoja na chaja mbovu na laini za simu za zamani.

Itatangazwa tena. Thika Road tumeona vituo vya BRT vikijengwa, na mahali BRT inaenda, kadi hufuata. Kwa hivyo wasee, wacha tubishane mapema, kabla mashine hazijafungwa milangoni.

Msimamo wangu ni huu. Kadi ya nauli isipimwe na mtu wa Kasarani anayepanda gari mara kumi kwa wiki. Huyo ataizoea hata ikiwa mbovu. Ipimwe na mgeni. Kama mtu ameshuka mjini leo, hajui mbele wala nyuma, na hawezi kupanda gari ndani ya dakika kumi, hiyo kadi imefeli. Na kama akirudi kwao pesa yake inabaki imefungiwa ndani ya plastiki, hapo tumevuka kufeli. Huo ni wizi umevaa suti.

Na nikisema mgeni, usifikirie mtalii na begi lake la mgongoni. Huyo atachukua teksi ya simu. Nasema mtu wa Nuu.

Kama hujui Nuu, ni kule Kitui, ukifika Mwingi bado hujafika, unaendelea mashariki hadi uone mlima. Mtu wa huko haji Nairobi kutembea tu. Anakuja kwa sababu amepewa barua ya kwenda Kenyatta kuona daktari. Anakuja intavyuu. Anakuja kumpeleka mtoto chuo, na boksi, na godoro. Ametoka nyumbani gizani, akapanda boda ama probox hadi Mwingi, akaingia gari la Nairobi, akapita Matuu, akapita Thika. Safari yote hiyo amelipa kwa noti mkononi ama kwa M-Pesa, na hakuna mtu amemwitisha kadi. Sasa amebakisha mat moja tu ya mwisho, ile ya kumfikisha anakoenda. Hapo ndipo mnataka kumfungia mlango?

Hebu fikiria susu yako kwenye hiyo mlango. Makanga anamwambia, "Shosho, kadi." Susu anafungua kitambaa, anatoa kadi ya kliniki. "Ndiyo hii, mwana wakwa." Watu wanacheka, gari inataka kutoka, na yeye ana pesa, iko pale kwenye kitambaa, shilingi halali za Kenya zenye kazi yake ni kulipa. Lakini ameambiwa hazitoshi, anunue kwanza ruhusa ya kuzitumia.

Tupige hesabu ya kudhani tu. Tuseme kadi ni soo mbili, na huwezi kujaza chini ya soo. Nauli yake ni finje kwenda na finje kurudi. Ametoa 300 kwa safari ya 100. Hiyo mia mbili ingine ni nini? Nauli si nauli. Ni kiingilio cha mji. Na akija tena baada ya miezi minane, kadi imepotea, ama mfumo umebadilishwa, anaanza upya. Wewe wa kila siku hiyo mia mbili unaigawanya kwa safari mia tano, huihisi. Yeye anaigawanya kwa mbili. Yaani anayekuja mara chache, tena mara nyingi ndiye hana pesa, ndiye analipia zaidi kila kilomita.

Najua timu kadi wameshaanza kuandika majibu. "Kwani makanga anamtendea huyo mgeni mema?" Hapana, na hapo tuko pamoja. Mimi si mtetezi wa makanga. Ukiuliza tu "hii inafika wapi?" nauli imeongezeka, kwa sababu swali limekuanika. Mvua ikinyesha, mbao inaongezwa. Ukibeba gunia la ndengu unaambiwa limekalia kiti cha mtu. Ukitoa ngiri, "chenji utapata ukishuka", na ukishuka gari haijasimama hata vizuri. Mwenyeji anajua kupigana. Mgeni anameza.

Kwa hivyo bei moja iliyoandikwa, isiyosikiza mvua wala lafudhi yako ya Kikamba, ni kitu mgeni anahitaji kuliko mtu mwingine yeyote. Hiyo ndiyo inaniuma. Kitu ambacho kingemsaidia yeye zaidi, kila mara kinaundwa bila kumfikiria.

Angalia historia. Mwaka 2013, Google na benki ya Equity walileta BebaPay, kadi ya kugonga. Halafu zikaja zingine, Abiria, 1963, kila kampuni na yake. Serikali ikaweka tarehe: kufikia 1 Julai 2014 magari yote ya abiria yawe yanapokea nauli bila pesa taslimu. Tarehe ikafika, ikasogezwa, ikasogezwa tena. Mwaka 2015 Google wakaizima BebaPay. Kampuni tajiri hivyo, na benki yenye matawi kila mahali, walishindwa na mat za Nairobi.

Hadithi tunayopenda kuambiana ni kwamba makanga ndio waliua kadi. Kuna ukweli. Biashara ya matatu inaendeshwa kwa target: mwenye gari anapelekewa kiasi fulani jioni, kinachozidi ni cha dereva na makanga. Pesa ikipita kwa kadi, mwenye gari anaona kila shilingi, na kile kilichozidi kinakosa mwenyewe. Tena vijana wa steji wanataka chao taslimu, mwenye kuosha gari taslimu, na yule afisa wa barabarani anayesalimiwa kwa kiganja kilichofungwa, huyo hana mashine ya kugonga. Kwa hivyo ndiyo, walikuwa na sababu ya kuikataa.

Lakini abiria je? Hakuna mtu aliandamana kuomba kadi irudi. Kwa nini? Kwa sababu haikumsaidia na chochote alichokosa. Kadi ya gari hili haikusomeka kwa lile. Ilibidi uwe na pesa, na bado uwe na kadi, na bado ukumbuke kuijaza, na bado uombe mashine ya makanga iwe na chaji. Wakati huohuo M-Pesa ilikuwa imekuwepo tangu 2007, na leo ukiishiwa na noti kwenye mat unamtumia makanga kwa simu na maisha yanaendelea. Hiyo haikuhitaji amri wala tarehe. Ilishinda kwa sababu duka la M-Pesa la Nuu na la Eastleigh ni kitu kimoja. Mgeni hakuhitaji kujifunza Nairobi ndipo alipe Nairobi.

Mtu ataniambia, mbona kwa wenzetu inafanya kazi? Sawa, twende kwa wenzetu.

London walikataza pesa taslimu kwenye mabasi Julai 2014, mwezi uleule sisi tulikuwa tumewekewa tarehe. Lakini angalia walichofanya kabla ya kufunga mlango. Kadi yao ya Oyster ilikuwepo tangu 2003, miaka kumi na moja watu wakiizoea. Kuanzia mwisho wa 2012 ungeweza kugonga kadi yako ya kawaida ya benki kwenye basi, huhitaji kununua yao. Na walipokataa pesa taslimu waliweka sheria ya huruma: salio lako la Oyster likiwa halitoshi, unaruhusiwa safari moja zaidi, utalipa ukijaza. Hong Kong nao, kadi yao ya Octopus ya tangu 1997, ukiinunua unaweka amana, na ukiondoka unairudisha, unarudishiwa pesa yako. Hao wote walimfikiria mtu ambaye hayuko hapo kila siku.

Hapa jirani, Kigali huwezi kupanda basi la mji kwa noti. Ni Tap&Go, na mgeni lazima anunue kadi kwanza, hata kama anapita siku moja. Wakenya wakitoka huko wanasifu sana ule usafi na utaratibu, na ni kweli upo. Lakini hiyo plastiki wanakuja nayo nyumbani kama kumbukumbu, na vifaranga vilivyobaki ndani vimekwenda. Dar wana N-Card, na angalau wamefikiria kitu kimoja cha maana: kadi hiyohiyo ya mwendokasi inakuvusha kwa kivuko cha Kigamboni, na inakuingiza uwanjani kutazama mpira. Kadi moja, milango mingi.

Na si lazima tuvuke mpaka. Nairobi Expressway ilipofunguliwa 2022, mwenye gari aliwekewa njia tatu: kifaa cha kubandika kwenye kioo, kadi ya kujaza, ama pesa taslimu pale kwenye kibanda. Soma hiyo tena polepole. Mtu mwenye gari lake, anayelipia kukwepa msongamano, aliachiwa njia ya noti. Halafu mtu wa mat ndiye mnataka kumwambia noti ni ushamba? Madaraka Express nayo, mtu anabonyeza *639# kwa kabambe akiwa kwao, analipa M-Pesa, safari imekatwa. Kwa hivyo hapa Kenya tunajua kufanya hii kitu. Tunachagua tu tumfanyie nani.

Sasa wakirudi na kadi, na watarudi, haya ndiyo ya kudai kabla mtu hajapiga makofi.

Kwanza, kadi iwe njia moja, isiwe mlango pekee. Namba fupi ya kubonyeza kwenye simu yoyote, bila intaneti, ipokelewe. Na pale kituoni kuwe na kibanda cha kukatia tiketi kwa noti. Usiniambie kila mtu ana simu. Simu huzima, na ukitoka Nuu alfajiri, kufika Nairobi betri ni hadithi.

Pili, kadi moja kwa magari yote. Sacco isilete yake, benki isilete yake. Tulijaribu hiyo 2014.

Tatu, bei ya kadi iwe amana, na salio lirudi kwa M-Pesa yangu nikiitaka, hata ikiwa ni shilingi ishirini. Pesa yangu haigeuki kuwa yako kwa sababu nimepanda gari ya kwenda kwetu. Fikiria wageni wote wanaopita Nairobi kwa mwaka, kila mmoja ameacha kidogo ndani ya kadi. Hicho kidogo kinalala kwa akaunti ya nani? Yeyote anayekuuzia kadi bila kukujibu hilo swali, anajua jibu.

Nne, safari moja ya mkopo. Salio likipungua, mtu afike anakoenda, alipe akijaza. London wamekubali, na sisi ambao tuna Fuliza kwa kila kitu tunashindwa na nini?

Tano, kadi inunuliwe na ijazwe Mwingi, Wote, Kitui mjini, mpaka Nuu sokoni. Mgeni aje na safari yake mfukoni tayari. Mtu anayeuza kadi ya Nairobi akiwa Nairobi pekee anasema waziwazi kwamba mji ni wa wenyeji.

"Hiyo ni gharama kubwa." Ni gharama, ndiyo. Mashine za kusoma kadi pia ni gharama, na sijaona mtu akizikataa. Swali ni gharama ibebwe na nani: mfumo wenye mamilioni ya abiria, ama susu mwenye kitambaa?

Na usidhani hii vita ni ya watu wa ushago tu. Wewe unayesoma hii ukiwa Umoja ama Zimmerman, siku utashuka Mombasa ama Kisumu na wao wana kadi yao, mgeni utakuwa wewe. Zaidi ya hapo, Disemba ikiisha kuna mtu wenu atakuja na wewe ukiwa kazini, hutaweza kwenda kumchukua steji. Atakuwa peke yake pale mlangoni, na pesa mkononi.

Kwa hivyo siku hiyo kadi itazinduliwa, na mabango, na wasanii, na ofa ya wiki ya kwanza, msiulize kama inapendeza. Ulizeni susu atapandaje. Wakikosa jibu, waambieni warudi ofisini.