Dada na Kaka Mbele ya Mungu Mmoja: Waraka kwa Vijana wa Usharika na Mitaa Yake Yote

Usomwe katika kila mtaa, siku ya kipindi cha vijana, kabla ya uchaguzi wa viongozi.

Wapendwa kaka na dada katika Kristo,



Nawaandikia nikiwa katibu wenu, zikiwa zimebaki wiki chache tufike kwenye semina ya vijana na uchaguzi wa viongozi. Sikutaka jambo hili lisubiri mkutano, maana mikutano yetu humezwa na taarifa ya fedha na maandalizi ya sikukuu ya mavuno, na yanayobaki husemwa haraka haraka watu wakiwa wameshasimama kwa sala ya kufunga. Ninayotaka kuyasema naomba myasikilize mkiwa mmekaa.

Ni habari ya usawa wa mwanamke na mwanamume. Ukituuliza sisi vijana wa kanisani kama Mungu aliwaumba wote wawili kwa mfano wake, tutajibu ndiyo kwa sauti moja. Tumefundishwa hivyo tangu shule ya Jumapili, na katika mafundisho ya kipaimara tukarudia. Lakini mtu akikaa nasi Jumamosi moja akaangalia nani anaongoza, nani anapika, nani anafundisha na nani anaadhibiwa, ataona tunaishi kana kwamba Mungu alimuumba mmoja atawale na mwingine amtumikie. Nawasihi tukomeshe hali hii ya kukiri hivi na kutenda vile.

Nianze na jikoni. Katika semina iliyopita somo la asubuhi lilikuwa uongozi wa Kikristo. Vijana wa kiume walikaa viti vya mbele na madaftari yao. Dada zetu wengi walikuwa nyuma ya ukumbi tangu alfajiri, wakimenya ndizi na kuchambua maharage, na sauti ya mwalimu iliwafikia vipande vipande kupitia dirishani. Mimi nilikuwa ndani kwa kuwa niliandika muhtasari. Walipoingia ilikuwa saa ya chakula, wamebeba masufuria, viganja vimekuwa vyeusi kwa utomvu. Wakapigiwa makofi, watu wakala, nao wakarudi kuosha vyombo huku kipindi cha maswali kikiendelea. Hakuna aliyewalazimisha wala aliyelalamika, kwa hiyo sote tukaona mambo yamekwenda vizuri. Lakini waliokosa somo la uongozi ni wale wale ambao kila mwaka tunasema hawako tayari kuongoza. Katika Luka 10 Martha alitaka Maria aondolewe miguuni pa Bwana akasaidie kazi, na Yesu akakataa. Sisi tunawaondoa wengi kwa mara moja, na hatuoni kuwa tumewanyang'anya kitu.

Jikoni kukipangwa hivyo, uchaguzi unafuata mkondo ule ule. Kwenye kwaya wasichana ndio wengi, kwenye maombi ya alfajiri ndio wengi, kwenye kufagia kanisa ndio wengi. Ikifika nafasi ya mwenyekiti, majina yanayotajwa ni ya wavulana. Msichana hupewa uhazini, tunasema wasichana ni waaminifu kwa fedha, au ukatibu, tunasema wana mwandiko mzuri. Akitajwa kwa uenyekiti, mara nyingi husimama mwenyewe akaomba jina lake liondolewe, nasi tunamsifu kwa unyenyekevu. Sijawahi kusikia mvulana akisifiwa kwa kuliondoa lake.

La tatu ni zito kuliko yote, nalo ni nidhamu ya kanisa. Mnajua inavyokuwa msichana wa kwaya anapopata mimba kabla ya ndoa. Anaitwa mbele ya wazee, anatengwa, anaambiwa arudishe sare ya kwaya. Baadaye, mtoto akiwa mgongoni, anasimama mbele ya usharika mzima ili arudi kundini. Kijana aliyempa mimba naye ni wa kwaya hiyo hiyo. Jumapili ile ile yuko kwenye safu ya besi anaimba, na sisi wenzake tunamjua. Sisemi dhambi isiitwe dhambi. Nasema dhambi ya watu wawili inabebeshwa mmoja, kwa sababu tu mwili wake hauwezi kuificha. Katika Yohana 8 waliomleta mwanamke kwa Yesu walimleta peke yake, ingawa Torati waliyoishika mkononi, katika Walawi 20:10, iliwataja wote wawili. Yesu hakushirikiana nao. Aliwarudisha wakajitazame mioyoni mwao, na wakaondoka mmoja mmoja.

Serikali yetu, Novemba 2021, iliondoa zuio lililowafungia shule wasichana waliopata ujauzito. Leo binti aliyejifungua anaweza kurudi darasani. Itakuwa aibu kwetu ikiwa shule itampokea na wenzake wa kwaya wakashindwa hata kumsalimia mlangoni.

Sasa nijibu yale ninayoyasikia mara kwa mara.

Wapo wanaosema haya ni mambo ya Beijing, yaani yametoka nje kuja kuvuruga nyumba zetu. Neno hilo tumelirithi kwa wazazi, tunalitumia kumfunga mdomo kila msichana anayeuliza swali. Wanaolitumia wakumbuke kwamba katibu mkuu wa mkutano ule wa wanawake uliofanyika Beijing mwaka 1995 alikuwa Mama Gertrude Mongella, mzaliwa wa Ukerewe, kisiwa cha ziwa hili hili letu, Mkristo aliyesomeshwa na masista. Hakwenda Beijing kujifunza kwamba mwanamke ni mtu. Alikwenda akilijua hilo tayari.

Na hapa kwetu Kagera swali hili lilifika mahakamani kabla ya mkutano ule. Mwanamke aitwaye Holaria Pastory alirithishwa na baba yake, kwa wosia, shamba la ukoo. Mwaka 1988 akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake, Bernardo Ephraim, akapinga akisema kwa mila ya Wahaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya mwanzo ikakubaliana na mpwa, mahakama ya wilaya Muleba ikatengua. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaamua kuwa mila hiyo inapingana na haki zilizomo katika Katiba, na kwamba mwanamke ana uwezo ule ule alio nao mwanamume juu ya ardhi hiyo. Wengi wetu tumelelewa kwenye vibanja, yaani mashamba ya ukoo, na tumesikia kesi ya namna hii ikisemwa pembeni ya moto kama habari ya mwanamke mkaidi. Someni Hesabu 27. Binti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa, kuhani na wakuu, mlangoni pa hema, wakadai urithi wa baba yao asiyekuwa na mtoto wa kiume. Musa akapeleka shauri lao kwa Mungu, na Mungu akajibu kwamba wamesema haki. Kudai kibanja si ukaidi, wapendwa.

Wengine wananiambia Paulo ameshakata neno, mwanamume ni kichwa na mwanamke atii. Sitawajibu kwa kuliruka andiko. Fungueni Waefeso 5 muanzie mstari wa 21, ambao kwenye semina za ndoa hatuusomi: hapo waamini wote wanaagizwa kunyenyekeana. Kisha endeleeni hadi wa 25, muone mume ameagizwa nini. Ameagizwa ampende mkewe kama Kristo alivyolipenda Kanisa akajitoa kwa ajili yake. Kristo hakulipiga Kanisa, hakulinyang'anya mshahara, wala hakulinyamazisha. Kaka anayetaka ukichwa wa andiko hili aanze kwa kuuona msalaba uliomo ndani yake.

Na 1 Timotheo 2, inayomkataza mwanamke kufundisha? Paulo huyo huyo, katika Warumi 16, anamtambulisha Foibe, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, na anawasalimu wanawake wengi waliotaabika naye katika kazi ya Injili. Priskila pamoja na mumewe Akila walimchukua Apolo, msomi hodari wa Maandiko, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Imo katika Matendo 18. Katika 1 Wakorintho 11 Paulo anatoa utaratibu wa mwanamke anaposali na kuhutubu mbele ya kanisa, na mtu hawekei utaratibu jambo asilotaka litendeke. Kwa hiyo hatuwezi kuchukua mstari mmoja, ulioandikwa kuhusu kanisa moja lililokuwa na walimu wa uongo, tukaufanya kufuli la vinywa vya dada zetu wote. Na tusisahau kwamba habari ya ufufuo, ambayo bila hiyo hatuna imani, Bwana aliiweka kwanza mdomoni mwa Mariamu Magdalena, akamtuma kwa mitume.

Kanisa letu la Kiinjili la Kilutheri Tanzania halikulala katika hili. Mwaka 1990, mwaka ule ule wa hukumu ya Jaji Mwalusanya, lilikubali wanawake wabarikiwe kuwa wachungaji, na wa kwanza wakabarikiwa mwaka 1991, dayosisi zikaanza kila moja kwa wakati wake. Wakenya, jirani zetu, mwaka 2021 walimweka wakfu Rose Okeno kuwa Askofu wa Kianglikana wa Butere. Wazee wetu waliobishana kuhusu uchungaji wa wanawake walikuwa wamekua bila kumwona hata mmoja madhabahuni. Sisi tumepokea Meza ya Bwana kutoka mikononi mwa wachungaji wanawake, kisha tunashindwa kumpigia kura msichana aongoze kikundi cha vijana. Hatuna kisingizio walichokuwa nacho wazee.

Kaka zangu, najua wengine wenu mna hofu. Ajira ni ngumu, mahari inadaiwa, mnaona dada zenu wakimaliza vyuo, na mnaambiwa usawa maana yake ninyi mtabaki bila heshima. Heshima inayohitaji mwingine ashushwe ndipo isimame si heshima ya Kikristo. Mwokozi alijifunga taulo akawaosha wanafunzi wake miguu, na hakupungua. Kushika kisu ukamenya ndizi pamoja na dada yako hakukupunguzii uanaume wako hata kidogo.

Dada zangu, nasema nanyi kama mwenzenu. Wako miongoni mwenu wanaomcheka msichana anayejitokeza, wanaouliza nani atamwoa. Wako wanaoifuata sare iliyorudishwa kwa minong'ono kuliko hata wavulana. Tusiwe walinzi wa kufuli letu wenyewe. Jina lako likitajwa, liache libaki. Ukishindwa kura, umeshindwa kura. Uchaguzi ujao utarudi. Na kama mwenzako amebaki na mtoto peke yake, mwendee nyumbani kabla ya Jumapili ya kurudi kundini, ili asisimame mbele ya watu bila rafiki.

Kwa hayo yote, naomba kila mtaa ukubaliane na mambo haya, na taarifa ya utekelezaji iletwe kwenye mkutano mkuu wa vijana:

1. Kazi ya jikoni katika semina, mikesha na sikukuu ipangwe kwa zamu, wavulana na wasichana, na majina yabandikwe ukutani mapema. Somo kuu lisianze mpaka walio zamu ya asubuhi wameingia ukumbini.

2. Kwa nafasi ya mwenyekiti na makamu, mapendekezo yasifungwe kabla jina la msichana na la mvulana hayajapatikana. Kura iamue.

3. Ratiba ya kuongoza somo la Biblia ipokezane, wiki ya kaka na wiki ya dada, bila kumwachia dada maombi ya kufungua peke yake.

4. Tuwaombe wazee wa kanisa kwa adabu, kwa barua na ana kwa ana, kwamba msichana anapoitwa kwa ajili ya mimba, kijana mhusika aitwe siku hiyo hiyo, na nidhamu iwe moja kwa wote wawili. Aidha, binti anayerudi shuleni baada ya kujifungua achangiwe daftari na sare na mfuko wa vijana.

5. Kila mvulana amuulize baba yake, kwa heshima, dada zake wamepangiwa nini katika kibanja. Ukisubiri msiba, utauliza ukiwa umeshakuwa mnufaika.

6. Binti aliyepata kipaimara juzi asiozwe tukiwa tunatazama. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, wakati mvulana alitakiwa afike 18. Rebeca Gyumi alipinga vifungu hivyo mahakamani akashinda mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha ushindi huo mwaka 2019. Ukisikia posa ya binti wa umri huo mtaani kwako, mjulishe mchungaji siku hiyo hiyo, usingoje tangazo.

Wazee wetu wanasema udongo uwahi ungali maji. Tutakaokaa kwenye Baraza la Wazee miaka ishirini ijayo ni sisi, na mazoea tunayoyajenga sasa ndiyo tutakayoyapeleka huko, na nyumbani kwa watoto wetu.

Ndugu kiongozi unayeusoma waraka huu mbele ya wenzako, usiufunge kwa sala mara moja. Waulize kwanza dada waliopo wana neno gani, na mwache kila mmoja aseme mpaka amalize.

Wenu katika utumishi wa Kristo,

Katibu wa Vijana wa Usharika