Yeye Alfajiri, Wewe Usiku: Nani Mvivu?

Mwezi huu tuache kidogo habari za nani kamnunia nani, tuzungumzie kazi. Usifunue ukurasa wa pili kwanza! Kazi nayo ni jambo la mapenzi. Ugomvi mwingi wa ndani ya nyumba hauanzii chumbani, unaanzia kwenye uchovu tunaoubeba kutoka ofisini.

Hebu tuwachukue wanandoa wawili wa mjini, wa aina tunayoijua sote. Mume ni mhasibu. Saa kumi na moja alfajiri yuko macho bila kengele. Kabla jirani hajafungua dirisha, yeye ameshapiga pasi shati na kupitia hesabu za jana. Lakini ikifika saa tatu usiku amekwisha, unamsemesha anaitikia kwa mkoromo. Mke ni mwanasheria kijana. Asubuhi ni mtu wa kusukumwa, salamu anaitikia kwa kichwa mpaka chai ya pili. Usiku nyumba ikitulia, ndipo anapowaka. Hoja zinakuja zenyewe, na maandishi yaliyomkaba mchana kutwa anayamaliza kwa saa moja na nusu.

Sasa sikiliza wanavyosemana. Mume: "Mke wangu mzuri, ila mvivu. Mwanamke gani analala mpaka jua linamkuta?" Mke: "Mume wangu hana malengo. Wenzake usiku wanajisomea, yeye anakoroma." Mawifi wakija kutembea wanaongeza chumvi yao, na hapo nyumba haikaliki tena.

Mpenzi msomaji, hapo hakuna mvivu. Wote wawili ni wachapakazi, ila hakuna anayeijua staili ya mwenzake ya kufanya kazi. Pengine hata ya kwake mwenyewe haijui vizuri.

Saa iliyomo mwilini

Tumekua tukiambiwa "biashara asubuhi, jioni mahesabu". Ni kweli kabisa kwa anayenunua samaki Feri pale Dar es Salaam, kwani ukichelewa utaokota mabaki. Hata saa zetu za Kiswahili tunaanza kuzihesabu jua linapochomoza. Ndiyo maana anayeamka mapema tunamwona mtu wa maana, na anayechelewa kuchangamka tunamwona hana mbele wala nyuma. Kumbe mwili nao una saa yake, na haifanani kwa watu wote.

Haya si maneno ya kijiweni. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kueleza jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya seli. Walichunguza vijinzi vya matunda na kufuatilia jeni inayotengeneza protini ambayo hujikusanya usiku na kuvunjika mchana, kila siku, kwa mzunguko wa karibu saa 24. Binadamu naye ana mtambo wa namna hiyo. Unagusa usingizi wake, homoni zake, hata joto la mwili wake.

Muda mrefu kabla ya hapo, mwaka 1976, watafiti wawili, Horne na Östberg, walitoa dodoso la maswali 19 la kuwatambua watu wa asubuhi na watu wa jioni. Wengi wetu tuko katikati, tunaelekea upande huu au ule kidogo. Sehemu ya jambo hili tunaizaliwa nayo, na sehemu inabadilika na umri. Vijana huelekea kuchelewa kulala na kuchelewa kuamka, kisha kadiri miaka inavyosogea wengi hurudi kwenye alfajiri. Kwa hiyo mama mkwe anapodamka saa kumi na kushangaa kwa nini bado umelala, huenda kila mmoja anafuata saa yake tu.

Kuna na lile la wengi wetu: kati ya saa saba na saa tisa mchana, akili hulegea kidogo. Ukichanganya na sahani ya pilau, ndiyo kabisa! Kama una uwezo wa kupanga, usiweke kikao kizito saa hizo.

Lakini ngoja, usikimbilie kusema, "Si mnaona, mimi ni wa usiku!" Kama unalala saa nane usiku kwa sababu ya simu na tamthilia, wewe si mtu wa usiku, wewe una deni la usingizi. Jichunguze ukiwa likizo, siku ambazo hakuna kengele wala foleni inayokusubiri. Mwili ukiachwa huru kwa siku kadhaa, unalala saa ngapi na kuamka saa ngapi? Hapo ndipo utaijua saa yako.

Macho au masikio?

Saa si kila kitu. Peter Drucker, gwiji wa mambo ya uongozi aliyezaliwa Vienna mwaka 1909, aliandika makala mwaka 1999 kuhusu mtu kujiongoza mwenyewe. Ndani yake aliuliza swali ambalo wengi hatujawahi kujiuliza: wewe ni msomaji au msikilizaji?

Akatoa mfano wa Jenerali Eisenhower. Alipokuwa kamanda wa majeshi ya washirika Ulaya, waandishi wa habari walimpenda kwa majibu yake yaliyonyooka. Siri ni kwamba wasaidizi wake walihakikisha maswali yanamfikia kwa maandishi, angalau nusu saa kabla ya mkutano. Alipokuwa rais wa Marekani, akafuata mtindo wa Roosevelt na Truman, ambao walikuwa wasikilizaji, wa kujibu maswali papo kwa papo. Waandishi wale wale wakaanza kumdharau, eti anazunguka tu bila kujibu. Kwa maelezo ya Drucker, Eisenhower hakujua kwamba yeye ni msomaji.

Tusilichanganye hili na ile dhana ya madarasani kwamba kila mwanafunzi ana namna yake ya kujifunza na afundishwe kwa namna hiyo tu. Wanasaikolojia walioipitia dhana hiyo mwaka 2008 hawakuona ushahidi wa kutosha. Hapa tunazungumzia jambo dogo zaidi: kazi inakuingia vizuri ikija vipi? Kama bosi akikupa maelekezo mkiwa mnatembea koridoni unasahau nusu, mwandikie baadaye: "Nimekuelewa hivi, nirekebishe kama nimekosea." Kama barua pepe ndefu inakuchosha, nenda ukaulize dakika tano.

Na nyumbani ni hivyo hivyo. Unamtumia mumeo ujumbe mrefu wa bajeti ya mwezi, yeye anajibu "sawa", kisha mwisho wa mwezi anauliza hela imekwenda wapi. Si dharau. Huenda ni mtu wa kuelezwa kwa mdomo, mkiwa mmekaa chini.

Mkupuo mmoja au vipande?

Kuna anayefanya kazi kama fundi wa jiko, anaweka hiki, anakoroga kile, na vyote vinaiva. Kuna ambaye ukimkatiza mara moja tu, umeiharibu asubuhi yake yote. Mtafiti Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba ukiiacha kazi katikati na kurukia nyingine, sehemu ya mawazo yako hubaki kwenye ile ya kwanza. Kwa hiyo unakaa kwenye kikao mwili tu, kichwa kiko kwenye ripoti.

Dawa ni nyepesi. Kabla hujaacha kazi, andika mistari miwili: umefika wapi, na utaanzia wapi ukirudi. Kichwa kinaachia.

Kuhusu urefu wa muda, jaribu mwenyewe. Mwitaliano Francesco Cirillo, akiwa mwanafunzi mwishoni mwa miaka ya 1980, alitumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Alisoma kwa dakika 25, akapumzika dakika 5, kisha akarudia. Kwa wengine hiyo ni tiba kamili. Wengine dakika 25 ndiyo kwanza wanapata moto, hao wanahitaji saa moja na nusu bila kuguswa. Usimwige rafiki yako kwa sababu tu yeye imemfaa.

Jipime wiki mbili

Hakuna haja ya kulipia semina. Chukua daftari dogo ufanye hivi:

1. Kila baada ya saa mbili, jipe alama 1 mpaka 5 ya jinsi akili ilivyo nyepesi. Andika na ulichokuwa unafanya.

2. Kila jioni, taja kazi moja iliyokwenda vizuri. Ilikuwa saa ngapi? Ulikuwa peke yako au na watu? Maelekezo uliyasoma au ulielezwa?

3. Andika pia nani au nini kilikukatiza. Simu? Mfanyakazi mwenzako mwenye umbea? Mtoto?

4. Baada ya wiki mbili, zungushia saa zilizopata 4 na 5. Usishangae ukikuta ni saa mbili au tatu tu kwa siku. Hizo ndizo mtaji wako. Ziwekee kazi nzito, yaani ripoti, hesabu, masomo, au lile andiko la mradi wenu wa pembeni. Barua pepe, faili na risiti zisubiri saa zenye alama 2.

Najua utasema, "Ofisi yetu inafunguliwa saa mbili, bosi hajali saa ya mwili wangu." Sawa. Lakini mpangilio wa kazi ndani ya siku mara nyingi uko mikononi mwako zaidi ya unavyodhani. Kama akili yako inafunguka saa nne, kwa nini saa hiyo uitumie kupanga faili?

Saa yako inaliwa na nani?

Hapa ndipo penye kiini, mpenzi msomaji, na ndipo wengi tunapokwama. Kuijua saa yako ni nusu ya kazi. Nusu nyingine iko kwa mtu unayeishi naye.

Mtazame tena yule mhasibu. Alfajiri yake hakuna anayeigusa. Chai inakuja mezani, mtoto anaandaliwa na mama, yeye yuko na hesabu zake. Sasa mtazame mkewe. Saa yake ya dhahabu ni saa tatu usiku, na saa hiyo ndiyo ya vyombo, sare za shule za kesho, na mtoto anayetaka maji ya kunywa. Akimaliza ni saa tano, macho yamekwisha. Kesho ofisini anapeleka kazi ya kawaida tu, wakati uwezo wake ni mkubwa. Mwaka ukiisha, mwenzake anapandishwa cheo, yeye anabaki palepale. Halafu nyumbani anaitwa mvivu! Mume analindiwa saa yake bila hata kujua, na mke anailipia kwa yake.

Lakini wangeweza kubadilishana vizuri tu. Mume achukue saa moja yake, kuanzia kumi na moja mpaka kumi na mbili, bila kuguswa. Baada ya hapo uji na kumvisha mtoto ni juu yake, maana ndiye aliyechangamka. Vyombo na sare vimalizwe kwa pamoja kabla ya saa tatu, na kuanzia hapo mpaka saa nne na nusu mke asiitwe. Mtoto akitaka maji, baba ampe kabla hajalala. Na wale wenye dada wa kazi, msimtupie yeye mzigo wote. Anayelala wa mwisho na kuamka wa kwanza naye ana mwili.

Bado inabaki saa ya wawili. Watu wa saa tofauti wasipoangalia watageuka wapangaji wa nyumba moja, mmoja anaingia kitandani mwingine anatoka. Chagueni muda ambao wote mko macho, labda chakula cha jioni au Jumamosi mchana mtoto akiwa kwa bibi, na simu ziwe mbali. Mambo mengine si lazima yasubiri usiku, wakubwa mmenielewa!

Wale ambao bado ni wachumba, mzungumze haya kabla ya harusi. Tunaulizana kabila, dini na idadi ya watoto tunaowataka, lakini hatuulizani kazi ngumu kila mmoja anaifanya saa ngapi, na nani atashika mtoto saa hiyo.

Kwa hiyo leo mkikaa, muulize mwenzako swali moja: "Akili yako huwa nyepesi saa ngapi?" Kisha nyamaza umsikilize. Akimaliza, muulize la pili: "Nikusaidieje saa hiyo iwe yako?"

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda. Mpaka hapo, lala vizuri, fanya kazi kwa saa yako, na mlindie mwenzako ya kwake.