Umbali ni Kodi ya Miguu

Juzi, katika hadhara iliyofanyika hapa Chunyu chini ya mwembe ambao, lau si kivuli chake, hapana hata mmoja wetu angalivumilia hotuba ya saa mbili na nusu, alisimama khatibu mmoja aliyevaa koti zito, kana kwamba jua la Ruangwa limemgeukia kuwa kipupwe, akatusomea sifa za maskani yetu ya kesho: viwanja vikubwa, barabara pana, nyumba iliyojitenga na nyumba, ili na sisi, kwa kauli yake, tupumue kama watu waliostaarabika. Hadhirina wakapiga makofi. Mimi sikupiga, kwa kuwa nilikuwa nikihesabu hatua.

Dhana hii, kwamba ustaarabu ni uwazi na msongamano ni uchafu, imeota mizizi hata mtu akipimiwa kiwanja kidogo huona ametukanwa, na akipimiwa kikubwa hutembea kwa ghururi kama aliyeteuliwa uwaziri, ilhali hapana anayeuliza gharama ya uwazi huo yalipwa na nani. Nami nitasema, na nitakariri mpaka msomaji achoke: umbali ni kodi, tena kodi isiyo na risiti, nayo hutozwa miguuni. Mwenye gari hailipi. Huilipa bibi mwenye ndoo kichwani, huilipa mtoto aliyetumwa chumvi, huilipa mja mzito anayekwenda zahanati jua la utosi. Hata umeme na maji haviepuki kodi hiyo, maana nyumba kumi zilizosogeleana zitagawana nguzo mbili na bomba fupi, na nyumba kumi zilizotawanyika kila moja itadai nguzo yake na bomba lake, kisha tulalamike kwamba huduma hazitufikii.

Ushahidi hatuna haja ya kuufuata ng'ambo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza walipoleta mradi wao wa karanga, walichora ramani kwa kalamu ya mtu anayedhani kwamba kila ardhi iliyo tupu ilikuwa ikimngoja yeye: ekari zaidi ya milioni 3 zikakusudiwa, nyingi zake katika Tanganyika, Nachingwea ikakuzwa kuwa makao ya mradi huo huku kusini, reli ikatandazwa hadi baharini Mtwara. Mwaka 1951 mradi ukavunjwa, pauni zaidi ya milioni 30 zikiwa zimeyeyuka, na reli nayo, ilipoingia miaka ya 1960, ikang'olewa. Mtwara ikabaki na barabara zake pana, mfano wa mwenye karamu aliyetandika majamvi ya watu elfu wakaja wageni kumi, naye kwa kuona haya hakuyakunja.

Wala sisi wenyewe hatukusalimika na maradhi hayo ya ramani. Mwalimu Nyerere alipotangaza Novemba 1973 kwamba kuhamia vijijini sasa ni amri, wengi wa watu wa Lindi na Mtwara, ila waliokwisha kuhamishwa kabla, walipangwa safu kando ya barabara, na mikorosho yao ikaachwa nyuma porini. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna takriban tani 145,000 za korosho. Katikati ya miaka ya 1980 haikufika hata tani 20,000. Wataalamu watataja bei, watataja ukungu wa mikorosho, watataja vyama vya ushirika. Mimi nataja miguu. Mtu hapalilii mti ambao kuufikia tu kwammaliza asubuhi.

Sasa tuwatazame wahenga wetu wa pwani, ambao hawakusomea upimaji. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, Kilwa iliyo katika mkoa huu huu wetu wa Lindi, aliisifu kuwa miongoni mwa miji mizuri iliyojengwa vyema, wala sifa hiyo hakuipa barabara ya kupitisha malori. Nenda Lamu uone vichochoro ambavyo ukuta mmoja huufunika mwingine kwa kivuli, na wikio iliyovuka juu ya njia, chumba kimoja kikiyaunganisha majumba mawili ya ndugu. Nenda Mji Mkongwe wa Unguja uone baraza za mawe ambapo wazee hukaa alasiri nzima, wakimjua kila apitaye na shughuli yake. Bibi mmoja wa Marekani, Jane Jacobs, alilazimika mwaka 1961 kuandika kitabu kizima ili kuwafahamisha wapangaji miji wa kwao kwamba macho ya majirani ndiyo ulinzi wa mtaa. Laiti angaliuliza barazani, angalijibiwa kabla kahawa haijapoa.

Na uwazi huu tunaousujudia ulianzia wapi? Katika Dar es Salaam ya wakoloni, watu waligawanywa kwa rangi zao, Uzunguni, Uhindini na Kariakoo, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa mtupu uwe mpaka, kwa kisingizio cha afya. Leo uwanja ule ni wa watu wote, nao ni neema, kwa kuwa uwazi wa wote ni baraka. Ninaoukataa ni uwazi wa kila mtu peke yake.

Nilipoyasema haya, bwana mmoja alinijibu kwamba nyumba zikikaribiana jirani atamsikia akigombana na mkewe. Subhanallah! Basi tumpimie ekari tano ili apate kugomba kwa nafasi? Dawa ya hilo ni adabu. Mwingine akauliza magari tutayaegesha wapi. Nikayahesabu magari ya Chunyu, nikaona kwamba kivuli cha mwembe ule ule chayatosha, na bodaboda zikabakiwa na mahali.

Fauka ya hayo, watazame wenye viwanja hivyo vikubwa wanavyovifanyia: huvizungushia ukuta, juu yake vigae vya chupa, na ndani hupanda ashoki, mti usio na tunda la kula mtoto wala kivuli cha kulaza mbuzi. Mwembe umewakosea nini?

Miaka kadhaa iliyopita niliwahi kupanga nyumba katika mtaa wa namna hiyo, mji gani sitaji. Usiku mmoja homa ilinishika, nikapiga yowe, nikaitikiwa na mbwa. Asubuhi jirani yangu, mtu mwema kabisa, aliniuliza kwa taadhima nimelalaje.

Kwa hiyo namwomba mpimaji, siku atakayokuja Chunyu na utepe wake, kabla hajachimbia bikoni ya pili, ambakishe bibi mmoja kwenye ile ya kwanza, aite kwa sauti yake ya kuombea moto. Akisikika, achimbie. Asiposikika, airudishe nyuma.