Mbwa Huzaa Mbwa: Je, Huo Ni Ushahidi wa Mungu?

MIZANI, na Jumaa Mwakalinga

Profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi alikuwa akizunguka vijijini kutafuta wazee wanaofikiri kwa vichwa vyao wenyewe, wasioishia kurudia waliyoyasikia kwa babu zao. Mmoja wa aliowapata ni Paul Mbuya Akoko, Mluo aliyekuwa ameandika kitabu cha mila za watu wake mwaka 1938, na mawazo yake yakaingia katika kitabu cha Oruka cha mwaka 1990. Katika suala la Mungu, hoja ya mzee haikuegemea Biblia wala mizimu. Iliegemea mbwa. Mbwa huzaa mbwa, hazai paka. Wala paka hazai kuku. Wangekuwapo miungu wengi wenye nguvu sawa, kila mmoja angevutia kwake na maumbile yangevurugika. Hayavurugiki, kwa hiyo iko akili moja inayoyatawala. Aliyesoma tauhidi madrasani ataitambua hoja hiyo papo hapo, na Mkatoliki aliyepitia seminari atakumbuka njia ya tano ya Mtakatifu Thomas wa Akwino. Kinachonivutia kwa Mbuya ni kwamba alilifanya suala la Mungu kuwa jambo la kuhojiwa. John Mbiti alikifungua kitabu chake cha mwaka 1969 kwa kudai kwamba Waafrika ni watu wa dini kupita kiasi, na wengi tumelipokea neno hilo kana kwamba maana yake ni kuwa kwetu Mungu haulizwi. Mbuya aliuliza. Nami nasema hoja yake, ikitengenezwa pale ilipovunjika, inatosha kumfanya mtu mwenye akili timamu amwamini Mungu bila kuona haya, ingawa haitoshi kumlazimisha jirani yake aamini.

Kwanza tuelewane kuhusu kiwango cha ushahidi. Mahakamani kesi ya jinai inataka ithibitishwe bila kuacha shaka yoyote ya maana. Kesi ya madai huamuliwa kwa mizania ya uwezekano, upande upi una uzito zaidi. Wanaosema hakuna ushahidi wa Mungu mara nyingi huwa wanadai kile cha kwanza, tena wengine wanadai zaidi ya hapo: wanataka hesabu kama ya pembetatu. Lakini kwa kiwango hicho hatungekuwa na historia, wala tabibu asingeandika dawa. Na upo ushahidi unaoitwa wa mazingira, ambao hakuna aliyeshuhudia tendo lenyewe, ila mambo yamepangana hivi kwamba maelezo mamoja yanayabeba vizuri kuliko mengine. Watu wamefungwa maisha kwa ushahidi wa namna hiyo. Wa Mbuya ni wa namna hiyo.

Sasa mbwa mwenyewe. Hapa Charles Darwin ana kesi nzuri tangu mwaka 1859, na hatumsaidii Mungu kwa kujifanya hatukuisikia. Mbwa huzaa mbwa, ndiyo, lakini si mbwa yuleyule kabisa. Ukirudi nyuma kizazi baada ya kizazi kwa muda wa kutosha, mbwa na paka wanarudi kwa babu mmoja. Kasisi William Paley wa Uingereza alikuwa ameandika mwaka 1802 kwamba jicho, kama saa ya mfukoni, haliwezi kuwapo bila fundi. Darwin alionyesha njia ambayo jicho linaweza kupatikana hatua kwa hatua, bila fundi kukaa juu ya kila jicho. Hoja ya Paley ilianguka hapo, na wahubiri wanaoendelea kuinua mkono wa binadamu jukwaani na kuuliza nani kama si Mungu, wanajenga juu ya nyumba iliyokwisha kubomoka. Ila angalia Darwin anasimama juu ya nini. Ili uchaguzi wa asili ufanye kazi, lazima urithi uwe wa kuaminika, lazima kemia ya leo iwe kemia ya kesho, na muda mrefu upite bila kanuni kubadilika. Darwin alieleza kwa nini viumbe vinaendana na mazingira yao. Kwa nini kuna kanuni thabiti za kufanyia kazi hiyo, hakueleza, wala haikuwa kazi yake. Mbuya alishika ncha ya kamba; kamba yenyewe ni ndefu kuliko mbwa.

Urefu wake unaweza kuuonja jikoni. Nyunyiza chumvi kidogo kwenye moto wa jiko la gesi, mwali utageuka wa manjano. Hiyo ni natiri iliyomo ndani ya chumvi, na mwanga wake ukipitishwa kwenye kioo cha kuchambua rangi unatoa mistari miwili ya manjano iliyokaribiana, mahali palepale kila mara, kama alama ya kidole gumba. Mwaka 1868, katika kupatwa kwa Jua kulikoonekana India, na miezi michache baadaye Norman Lockyer akiwa Uingereza, wachunguzi wa mwanga wa kingo za Jua waliona mstari wa manjano uliokaribia ile ya natiri lakini haukulingana nayo, wala haukulingana na kitu chochote kilichojulikana duniani. Lockyer akashikilia kwamba ni elementi mpya, ikapewa jina kutokana na neno la Kigiriki la Jua: heliamu. Wenzake wengi walitilia shaka. Miaka 27 ikapita. Mwaka 1895 William Ramsay, akiwa London, alitia asidi kwenye jiwe lenye urani, akakusanya gesi iliyotoka, akauchambua mwanga wake, na mstari uleule ukatokea. Na kama unadhani hizi ni habari za Wazungu na maabara zao, nenda Bonde la Ziwa Rukwa, ambako mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya utafutaji, walitangaza hazina kubwa ya gesi hiyohiyo. Imetoka kwenye miamba ya kale sana, ambamo urani na thori zimekuwa zikioza polepole na kuacha heliamu, kisha joto la volkano za Bonde la Ufa likaifungua. Jua liko umbali wa kilomita milioni 150. Halina habari na Rukwa. Hata hivyo chembe ya kule na chembe ya huku zinatii amri ileile, kwa usahihi uleule, na hakuna aliyewahi kukuta chembe moja mkaidi.

Neno amri limenitoka makusudi, kwa sababu hapo ndipo mgogoro ulipo. Asiyeamini atasema hakuna amri, kuna ukweli tu: mambo yako hivyo. Bertrand Russell alisema karibu hivyo mwaka 1948, alipojadiliana na padri Frederick Copleston kwenye redio ya BBC: ulimwengu upo tu, basi. Ni jibu halali, lakini lina bei. Mchunguzi aliyeona mstari wa ajabu kwenye Jua angeweza naye kusema upo tu, na heliamu isingejulikana. Sayansi nzima inaenda kwa kukataa jibu hilo kila linapojitokeza. Kulipokea ghafla kwenye swali kubwa kuliko yote kunahitaji sababu, na Russell hakuitoa. Kwa upande mwingine, kama chanzo cha vyote ni akili moja, utaratibu mmoja unaoenea kila mahali ndicho kitu ambacho ungekitarajia. Kama hakuna chanzo chenye akili, utaratibu huo ni hali moja kati ya hali zisizo na idadi ambazo zingeweza kuwapo, nyingi zao zikiwa vurugu. Mizani inainama upande mmoja. Haivunjiki, inainama. Katika karne ya 18 David Hume alikwisha kuonya kwamba tuna ulimwengu mmoja tu wa kuutazama, hivyo hatuna vingine vya kuulinganisha nao ili tupige hesabu za uwezekano. Onyo lake ndilo linalonifanya nidai hukumu ya kesi ya madai badala ya ile ya jinai.

Wengine hujibu kwa ujanja zaidi: pasingekuwa na utaratibu tusingekuwapo kuuliza, kwa hiyo tusishangae. Mwanafalsafa John Leslie alitoa mfano wa mtu anayesimamishwa mbele ya kikosi cha wapiga risasi hodari, wote wakafyatua, wote wakamkosa. Ni kweli kwamba wasingemkosa asingekuwapo kushangaa. Bado ana haki ya kushangaa. Nami naongeza: ili sisi tuishi, utaratibu ulihitajika hapa petu. Nyota zilizo mbali kiasi kwamba mwanga wake umesafiri mabilioni ya miaka hazikuwa na haja ya kutii kanuni za Rukwa ili mtu wa Sumbawanga apumue, nazo zinatii. Anayekimbilia malimwengu mengi yasiyoonekana, akisema letu lilibahatika katika bahati nasibu, naye lazima atueleze ni kanuni gani inayoendesha bahati nasibu yenyewe.

Swali la mtoto, kwamba Mungu naye aliumbwa na nani, ni zuri kuliko wakubwa wanavyolichukulia wanapomfokea. Kila maelezo yana mahali pa kukoma. Ukikomea kwenye kanuni, umekomea kwenye kitu ambacho hakionyeshi kwa nini kiwe hivi na siyo vile. Ibn Sina, miaka elfu moja iliyopita, alijibu kwamba lazima pawepo kitu kisichoweza kutokuwapo, ama sivyo mnyororo wa vinavyotegemea vingine unaning'inia hewani. Richard Dawkins amejibu katika kitabu chake cha mwaka 2006 kwamba Mungu wa kuendesha haya yote angekuwa tata kuliko anayoyaendesha, kwa hiyo hatueleweshi lolote. Ingekuwa kweli, kama Mungu angekuwa mashine yenye vipuri vingi. Lakini hoja ya Mbuya haihitaji vipuri. Inahitaji nia moja isiyogombana na nyingine.

Hadi hapa nimewapendeza waumini, na ni haki nao wasikie upande usiowapendeza. Ushahidi hauitwi unapopendeza tu. Mwaka 2006 yalichapishwa nchini Marekani matokeo ya utafiti wa wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo katika hospitali 6, baadhi wakiombewa na watu wasiowajua na wengine wasiombewe. Maombi hayakupunguza matatizo baada ya upasuaji. Waliohakikishiwa kwamba wanaombewa walipata matatizo kwa asilimia 59, dhidi ya 52 kwa walioombewa bila kuwa na uhakika. Unaweza kusema Mungu hapimwi kama panadoli, nami nitakubali, ila basi usisimame madhabahuni ukimtangaza kama panadoli. Padri Georges Lemaître, Mbelgiji aliyeasisi nadharia ya mlipuko mkuu, alishikilia kwamba nadharia yake iachwe nje ya mabishano ya dini, hata pale Papa Pius XII alipoishangilia mwaka 1951. Alijua kwamba Mungu aliyefungwa kwenye tokeo la jana atadondoka na tokeo la kesho.

Lililo zito kuliko yote ni malaria. Kimelea kinachoua wengi barani Afrika huingia kwenye chembe nyekundu ya damu, kikazaliana, kikaipasua na kuingia nyingine kila baada ya saa 48 hivi. Takriban robo tatu ya wanaokufa kwa malaria katika kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ni watoto wa chini ya miaka 5. Utaratibu uleule niliousifia Rukwa ndio unaohesabu saa 48 ndani ya damu ya mtoto. Nimesoma majibu mengi: kwamba bila kanuni thabiti tusingeweza kuwajibika, kwa kuwa moto unaounguza leo na kupoza kesho haumfundishi mtu kitu, kwamba kanuni hizohizo ndizo zilizotupatia dawa mseto na chanjo. Yana ukweli, lakini sioni linalomtosha mama aliyeketi wodini, na sitajifanya naliona. Ninachoweza kusema ni kwamba hoja ya utaratibu haikuahidi wema. Imeahidi akili moja, basi. Anayetaka kutoka hapo kwenda kwa Mungu mwenye huruma anahitaji ushahidi wa aina nyingine, wa manabii na wa dhamiri, nao una kesi yake na mawakili wake.

Yupo bado muumini anayechukia biashara hii yote, anayesema imani ikitafutiwa ushahidi si imani tena. Huyo ndiye ninayemwogopa kuliko Russell. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, mingi ya watu waliofunga hadi kufa kwa kuaminishwa na mchungaji wao kwamba wanakwenda kumwona Yesu, watoto wakiwamo. Mzazi aliyefundishwa kwamba kuuliza ni dhambi alibaki na silaha gani mbele ya mchungaji wa namna ile? Kwa hoja ya Mbuya angekuwa nayo moja. Kama Mungu anajulikana kwa uthabiti wa kazi yake, basi mtoto asiyepewa chakula wala maji hufa msituni kama anavyokufa mjini, na anayedai Mungu amemnong'oneza vinginevyo ndiye anayepaswa kuleta ushahidi, tena aulete kabla ya siku ya kwanza ya kufunga.