Daftari la Zahanati Lifunguliwe

Zahanati ya kijiji si mali ya Mganga Mfawidhi, wala si mali ya Mkurugenzi wa Halmashauri. Ni mali ya wananchi. Katika vijiji vingi wao ndio waliochimba msingi, wakasomba mawe na kufyatua matofali. Na kodi yao ndiyo inayonunua dawa na kulipa mishahara. Kwa hiyo mwananchi anapouliza dawa zimekwenda wapi, hajamvunjia mtu heshima. Anauliza habari za mali yake.

Historia ya nchi imekwisha kutoa fundisho katika jambo hili. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa na kazi zake zikakabidhiwa watendaji wa mikoa na wilaya. Nia ilikuwa njema, kuyasogeza madaraka karibu na wananchi. Lakini zilizosogea zilikuwa ofisi. Sauti ya mwananchi ilibaki nyuma. Ndiyo sababu mwaka 1982 zilitungwa sheria za kuzirudisha Serikali za Mitaa, na mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alikiri waziwazi kwamba kuzivunja lilikuwa kosa. Leo Ibara ya 146 ya Katiba inatamka kwamba madhumuni ya vyombo hivyo ni kupeleka madaraka kwa wananchi.

Kwa maandishi, madaraka hayo yamekwisha kufika mlangoni mwa zahanati. Kila Halmashauri hutakiwa kuwa na Bodi ya Afya, na kila kituo kuwa na Kamati ya Usimamizi yenye wajumbe waliotokana na wananchi. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 sehemu ya fedha za afya hupelekwa moja kwa moja katika akaunti ya kituo chenyewe. Hatua hiyo ilikuwa ya busara. Lakini fedha zinapoteremka kijijini, usimamizi nao hauna budi kuteremka.

Hapa ndipo penye ugonjwa. Zipo kamati zinazokumbukwa siku ya kutia sahihi tu. Mwenyekiti huitwa kutoka shambani, huonyeshwa mstari wa kutia sahihi, kisha hurudi shambani bila kusoma alichokiidhinisha. Makasha ya dawa hupokelewa bila kufunguliwa mbele ya wajumbe. Baada ya wiki chache mgonjwa huelekezwa kwenye duka la dawa, na mama mjamzito, ambaye Sera ya Afya ya mwaka 2007 inaagiza ahudumiwe bila malipo, huambiwa aje na glavu na wembe wake.

Haki inadai isemwe pia kwamba si kila upungufu ni wizi. Katika zahanati nyingi za mbali mganga na muuguzi mmoja ndio hutibu, huzalisha, hugawa dawa na kuandika hesabu. Pengine dawa zilizoagizwa hazikupatikana Bohari ya Dawa, au fedha zilichelewa. Lakini pasipo kamati iliyohesabu makasha na kusoma leja, mtumishi mwaminifu hana shahidi wa kumtetea, naye mwizi hana wa kumkamata. Wote wawili hutazamwa kwa jicho moja. Usimamizi wa wananchi ni ngao ya mtumishi mwema kabla ya kuwa rungu kwa mtumishi mbaya.

Wajibu wa kwanza ni wa madiwani. Baraza lisiridhike na taarifa ya idara inayosema huduma zinaendelea vizuri. Lidai kujua, kituo kwa kituo, kilichopokelewa, kilichotumika, kilichobaki, na mara ngapi kamati imekutana. Diwani anayemfokea muuguzi mbele ya wagonjwa hasimamii kitu. Anayeketi na kamati na kusoma daftari ndiye anayesimamia.

Wajibu wa pili ni wa watendaji. Wakurugenzi na Waganga Wakuu wa Wilaya hawana budi kuzifundisha kamati kazi zake, kuziandalia taarifa kwa Kiswahili kinachoeleweka, na kuhakikisha mapato na matumizi ya kituo yanabandikwa kwenye ubao na kusomwa katika mkutano mkuu wa kijiji. Walimu nao wasikae pembeni. Mwalimu anayeweza kumwelewesha mjumbe wa kamati tofauti ya kiasi kilichoagizwa na kiasi kilichopokelewa amekitumikia kijiji chake sawasawa na anapokuwa darasani.

Jambo hili haliwezi kungoja. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imejengwa juu ya imani kwamba mwananchi atachangia kabla hajaugua. Mkulima aliyeuza gunia la mahindi ili alipie kadi, akaikuta rafu ya dawa tupu, hatalipa mara ya pili. Na hakuna hotuba itakayomshawishi. Chama kilichoomba dhamana kwa wananchi hakiwezi kulifumbia macho jambo hilo, na viongozi wake wa matawi na kata ndio wa kwanza kuliona.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Dukani hupotea shilingi. Zahanati isiyosimamiwa hupoteza uhai wa mama na mtoto.